Visiwa Vilivyomo Ndani ya Kongosho

Mwezi uliopita dada yangu, anayeishi Wete, Pemba, alinitumia video ya dakika mbili na nusu kwa WhatsApp, na chini yake akaandika maneno manne tu: "Hii kweli, mdogo wangu?" Katika video ile mtu aliyevaa koti jeupe anaeleza, kwa haraka ya muuzaji, kwamba wanasayansi wamefanikiwa kuzalisha upya seli za kongosho kwa kutumia seli shina, kwamba kisukari sasa kinapona, na kwamba unga uliomo katika pakiti aliyoishika una seli hizo hizo, kijiko kimoja asubuhi na kimoja usiku, mgonjwa akaachana na sindano baada ya siku 40. Nusu ya kwanza ya maneno yake ina ukweli mwingi kuliko anavyojua mwenyewe. Nusu ya pili inaweza kumuua mpwa wangu ndani ya siku chache.

Mimi ni mwalimu wa bayolojia katika skuli ya sekondari mjini Unguja, na katika ukoo wetu hilo limetosha kunifanya daktari wa simu. Kwa kawaida maswali ya namna hii huyajibu kwa sentensi mbili nikaendelea na shughuli zangu. Hili nilishindwa kulijibu kwa sentensi mbili, kwa sababu ningesema "uongo" ningekuwa nimeficha habari ambayo dada ana haki ya kuijua, na ningesema "kweli" ningekuwa nimemfungulia mlango muuza unga. Makala hii ni jibu lile, nililoliandika kwa urefu unaostahili.

Mpwa wangu ana umri wa miaka 11, na amekuwa akichomwa insulini mara 2 kwa siku tangu alipokuwa na miaka 7. Ugonjwa wake uligunduliwa na bibi yake, yaani mama yetu, kabla ya kugunduliwa na mtu yeyote mwenye cheti. Kwa muda wa wiki tatu mtoto alikuwa akinywa maji kama mchumaji wa karafuu aliyeshuka mtini saa saba za mchana, akikojoa kitandani ilhali tabia hiyo alikwisha kuiacha zamani, na akikonda hadi mifupa ya mabega ikahesabika. Katika kituo cha afya alikopelekwa mwanzo alipewa dawa ya malaria, na aliporudishwa wiki iliyofuata akapewa dawa ya minyoo. Hakuna aliyemtoboa kidole akapima tone la damu. Mama ndiye aliyeliona godoro lililoanikwa uani, na sisimizi waliojazana pale pale palipokuwa na doa la mkojo, mahali pengine pote pakavu hawakugusa. Akasema, "Mtoto huyu ana sukari." Watu wakamcheka, kwa kuwa kwetu sukari ni maradhi ya watu wazima wenye vitambi. Siku mbili baadaye mtoto alianza kutapika na kuhema kwa kasi, pumzi yake ikinuka kama matunda yaliyoiva kupita kiasi, na mashine ya hospitali ilipotiwa damu yake haikutoa namba yoyote, ikaandika herufi mbili, H na I, maana yake sukari imepanda kuliko mashine inavyoweza kuhesabu.

Niliyaeleza hayo kwa sababu watu wengi wanaoisambaza video ile hawatofautishi kisukari cha mtoto huyu na kile cha shangazi zetu. Wagonjwa wengi wa visiwani wana kisukari cha aina ya pili: insulini wanayo, lakini mwili wao umekuwa mzito wa kuitii, na kongosho hulemewa kidogo kidogo kwa miaka mingi. Aina ya kwanza ni jambo jingine. Hapa mfumo wa kinga, ambao kazi yake ni kupigana na vijidudu, hugeuka ukazishambulia seli zinazotengeneza insulini hadi ukazimaliza karibu zote. Mgonjwa hakula sukari nyingi, wala wazazi wake hawakukosea lolote. Bila insulini, glukosi hujaa katika damu lakini haiingii katika misuli kama inavyotakiwa, mwili ukaona una njaa ukaanza kuchoma mafuta yake, na mabaki ya uchomaji huo ni tindikali. Ile harufu ya pumzi ilikuwa ya asetoni, inayozaliwa na tindikali hiyo. Ndiyo maana mtu wa aina ya kwanza akiacha sindano kwa ajili ya unga, hana miezi ya kujaribu.

Seli zenyewe zilizouawa zinaishi katika kitu ambacho jina lake limenipendeza tangu nilipokuwa mwanafunzi. Mwaka 1869, mjini Berlin, Paul Langerhans, mwanafunzi wa udaktari mwenye umri wa miaka 21, aliona kwa hadubini vifungu vidogo vya seli vilivyotawanyika ndani ya kongosho, vimejitenga na seli zilizovizunguka. Kazi ya vifungu hivyo hakuijua na hakujifanya kuijua. Mwaka 1893 Mfaransa Gustave-Édouard Laguesse alivipa jina la visiwa vya Langerhans, lakini Langerhans mwenyewe hakuwahi kulisikia, kwa kuwa alikwisha kufariki mwaka 1888 katika kisiwa cha Madeira, alikokwenda kutafuta nafuu ya kifua kikuu. Mtu aliyeona visiwa vya kwanza mwilini alizikwa kisiwani, na sisi wa kisiwani ndio tunaohangaika navyo. Lakini hayo ni ya pembeni.

Kongosho la mtu mzima lina visiwa vinavyokisiwa kufikia milioni 1, na vyote kwa pamoja ni asilimia 1 hadi 2 tu ya uzito wake. Ndani yake zimo seli beta. Seli beta moja hufanya kazi mbili ambazo dada yangu, mashine yake na bomba lake la sindano hawajaweza kuzifanya pamoja: huipima sukari wakati wote, na hutoa insulini kwa kadiri ya kipimo kile kile, ikaacha pale inapotosha. Dada hulazimika kukisia. Jioni humdunga mtoto uniti alizoandikiwa na daktari, akitarajia kwamba atakula boflo na mchuzi kama jana; kisha wenziwe wanamwita kiwanjani, anacheza mpira hadi magharibi, chakula anakigusa kidogo, na saa tano za usiku dada anamkuta amelowa jasho, midomo inatetemeka, jina lake mwenyewe limempotea. Hapo sukari imeshuka. Kijiko cha asali hupakwa ndani ya shavu, na dada halali tena hadi alfajiri. Nimekaa naye usiku mmoja wa namna hiyo, na tangu siku ile sikumwambia tena mtu yeyote kwamba insulini imeshamaliza tatizo la kisukari.

Hata hivyo, insulini ni muujiza na inafaa iheshimiwe. Kabla ya mwaka 1922 mtoto kama mpwa wangu alikuwa akifa. Januari ya mwaka huo, mjini Toronto, Leonard Thompson, kijana wa miaka 14, alidungwa dondoo la kongosho la ng'ombe lililotayarishwa na Frederick Banting na Charles Best. Sindano ya kwanza haikufaa kwa sababu dawa ilikuwa na uchafu, James Collip akaisafisha, na sindano za siku 12 baadaye zikashusha sukari yake. Kwa miongo mingi iliyofuata insulini ilitoka kwa ng'ombe na nguruwe, jambo lililowatia wasiwasi Waislamu wengi, hadi mwaka 1982 Marekani iliporuhusu insulini ya binadamu inayotengenezwa na bakteria waliopandikizwa jeni yake. Hiyo ndiyo aliyonayo mpwa wangu. Inamweka hai, lakini haiwezi kumpima.

Kwa hiyo wazo la kurudisha seli zenyewe badala ya kurudisha kile zinachokitoa ni wazo la zamani, na lilithibitika mwaka 2000 katika mji wa Edmonton, nchini Kanada, ambako James Shapiro na wenzake waliwapandikizia wagonjwa 7 visiwa vilivyotolewa katika makongosho ya watu waliofariki. Wote 7 waliacha insulini. Habari hiyo ilizunguka dunia nzima, na ilistahili. Lakini mgonjwa mmoja mara nyingi alihitaji makongosho ya watu 2 au zaidi, na baada ya miaka 5 wengi wa waliopandikizwa walikuwa wamerudi kwenye sindano, ingawa wengi wao walibakiwa na insulini kidogo ya mwilini iliyowakinga na kule kushuka kwa ghafla. Njia ilikuwa sahihi, ila chemchemi yake ilikuwa kikombe kwa watu wenye kiu ya kisima.

Hapa ndipo seli shina zinapoingia. Seli shina ni seli ambayo bado haijachagua kazi: haijawa ya ngozi, wala ya moyo, wala ya kongosho, na inaweza kujigawa mara nyingi mno bila kuchoka. Mwaka 1998 James Thomson, katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, alifaulu kuzikuza seli za namna hiyo kutoka katika kiinitete cha binadamu cha siku chache. Mwaka 2006 Shinya Yamanaka wa Kyoto alionyesha kwa panya, na mwaka uliofuata kwa binadamu, kwamba seli ya kawaida ya ngozi inaweza kurudishwa nyuma ikawa kama seli shina, kwa kuiwashia jeni 4 tu. Mwaka 2012 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na John Gurdon. Maana yake ni kwamba kisima kilipatikana. Kilichobaki ni kuyageuza maji yale kuwa insulini, na hilo lilichukua zaidi ya miaka kumi ya watu wavumilivu.

Mvumilivu mmojawapo ni Douglas Melton wa Harvard, aliyekuwa akichunguza ukuaji wa vyura hadi mwanawe wa kiume alipogunduliwa na kisukari cha aina ya kwanza akiwa na umri wa miezi 6; baadaye bintiye naye akaupata. Aliacha vyura. Mwaka 2014 maabara yake ilitangaza mapishi ya kuzalisha seli beta kwa mamia ya mamilioni, na mwaka huo huo kundi jingine lililomhusisha Timothy Kieffer wa Kanada likatangaza ya kwake.

Nimesema mapishi kwa makusudi. Atakayetaka kuelewa kazi hii aende akasimame nyuma ya mpika halua wa Wete. Wanga huchanganywa na maji, sukari huchemshwa, samli hutiwa kidogo kidogo wakati mwiko haupumziki, na iliki, kungumanga na zafarani zina wakati wake; ukitanguliza samli au ukichelewesha mwiko, viungo ni vile vile lakini ulichonacho sufuriani si halua. Katika maabara, seli shina huelea katika kimiminika kinachokorogwa taratibu mchana na usiku kwa majuma 4 hadi 5, na katika hatua 6 huongezewa kemikali na protini zile zile ambazo mwili wa mtoto tumboni huzitumia: kwanza seli huambiwa ziwe za tabaka litakalozaa utumbo na viungo vyake, halafu ziwe za utumbo wa awali, halafu za kongosho changa, halafu za ile sehemu ya kongosho itoayo homoni, na mwisho ndipo ziwe beta. Kila hatua ina siku zake. Ukikosea hatua ya nne, seli hukua lakini hutoa homoni mbili zinazopingana, hazijui ni beta au ni alfa, zile zinazopandisha sukari. Na zikibaki hata chache ambazo hazikubadilika kabisa, zinaweza kuota uvimbe wenye mchanganyiko wa tishu, hata nywele na meno. Kwa hiyo mtu akiniambia seli hizi zimekaushwa, zimesagwa na kutiwa katika pakiti ya kukoroga kwenye uji, sina haja ya kubishana naye kuhusu kisukari. Namuuliza tu kama amewahi kukausha kuku halafu akataga.

Majaribio kwa binadamu yalianza kutoa matunda mwaka 2021, pale mwanamume mmoja wa jimbo la Ohio, aliyekuwa mgawa barua na aliyekuwa akianguka mara kwa mara kwa kushukiwa na sukari, alipodungwa seli za kampuni ya Vertex, iliyokuwa imeinunua kampuni iliyoanzishwa na Melton. Seli hutiwa katika mshipa mkubwa unaopeleka damu kwenye ini, zikakwama humo na kuota. Kongosho lenyewe haliguswi, jambo ambalo humshangaza kila mtu ninayemweleza. Mwezi Juni 2025 matokeo ya mwaka mzima yalichapishwa. Watu 12 walikuwa wamepata dozi kamili ya seli milioni 800 kwa mara moja. Wote 12 waliepukana na mashambulio makali ya sukari kushuka, na 10 kati yao walikuwa hawadungi insulini hata tone. Nilipoyasoma hayo niliyarudia mara tatu, kisha nikatoka nje kuvuta hewa, kwa sababu nilimwona dada yangu amelala usiku mzima.

Ila sikumpigia simu, kwa sababu ya aya iliyofuata. Katika jaribio hilo lote, lililokuwa na watu 14, wawili walifariki. Mmoja kwa homa ya uti wa mgongo iliyosababishwa na fangasi, na mwingine kwa kuzidiwa na maradhi ya ubongo, ya kupungukiwa na kumbukumbu na ufahamu, aliyokuwa nayo tangu kabla. Seli zenyewe hazikumuua mtu. Tatizo liko katika dawa za kupunguza kinga, ambazo kila aliyepandikizwa seli za mtu mwingine lazima azimeze kila siku ili mwili usizile seli zile, na ambazo hufungua mlango kwa fangasi, virusi na bakteria ambao mtu wa kawaida hapati hata habari zao. Kwa mgonjwa wa kisukari cha aina ya kwanza kuna maadui wawili kwa pamoja: kinga inayochukia kitu cha kigeni, na ile kinga ya mwanzo kabisa iliyoua seli zake mwenyewe na ambayo haijasahau. Kwa maoni yangu hili ndilo jambo ambalo habari nyingi kuhusu seli shina hulipitia juu juu. Kutengeneza seli beta kumeshawezekana. Kinachotafutwa sasa ni jinsi ya kuziweka ndani ya mwili wenye kinga kamili zikaachwa ziishi.

Wachina wamejaribu kwa kutumia seli za mgonjwa mwenyewe. Mwaka 2023, mjini Tianjin, mwanamke wa miaka 25 alichukuliwa seli zake, watafiti walioongozwa na Deng Hongkui wakazirudisha kuwa seli shina kwa kemikali, wakazipika hadi zikawa visiwa, na kuvipandikiza takriban milioni 1.5 chini ya utando unaofunika msuli wa tumbo. Baada ya siku 75 hakuhitaji insulini tena. Habari njema sana, ila mwanamke huyo alikuwa tayari akimeza dawa za kupunguza kinga kwa sababu alikwisha kupandikizwa ini, kwa hiyo hatuwezi kusema kinga yake ingeziacha seli kwa kuwa tu ni zake. Njia nyingine ni kuzifungia seli ndani ya kifuko chenye matundu madogo yapitishayo sukari na insulini lakini yasiyoruhusu seli za kinga kupita. Wazo zuri kama dema, ambalo maji hupita na samaki hubaki. Vertex walilijaribu na mwaka 2025 wakaliacha, kwa sababu seli zilizofungiwa hazikutoa insulini ya kutosha. Seli beta zina njaa kubwa ya oksijeni, na ndani ya kifuko mishipa ya damu haifiki.

Njia ya tatu ndiyo iliyonirudishia matumaini. Mjini Uppsala, Sweden, mwishoni mwa mwaka 2024, mwanamume wa miaka 42 alidungwa katika msuli wa mkono wa mbele visiwa vilivyohaririwa jeni: vitambulisho ambavyo kinga huvitumia kumjua mgeni viliondolewa, na protini iitwayo CD47, ambayo huziambia seli za kinga zipite zisishambulie, ikaongezwa. Hakupewa dawa yoyote ya kupunguza kinga. Wiki 12 baadaye seli zilikuwa hai na zikitoa insulini. Visiwa hivyo vilitoka kwa mtu aliyefariki, havikutoka katika seli shina, na dozi ilikuwa ndogo kiasi kwamba mgonjwa aliendelea na sindano zake. Lakini hakuna sababu ya uhariri ule ule kutofanyiwa seli shina kabla ya kupikwa, na kazi hiyo inaendelea. Siku mambo haya mawili yatakapokutana, yaani kisima kisichokauka na seli zinazopita mbele ya mlinzi bila kuulizwa, hapo nitampigia dada simu usiku wa manane.

Mwalimu mwenzangu wa dini aliniuliza kuhusu viinitete, na swali lake si la kupuuza. Seli shina za kiinitete hutolewa katika kiinitete cha siku 5 hivi, kwa kawaida kilichobaki katika matibabu ya kupata mtoto na ambacho hakitapandikizwa tena. Wanazuoni wengi hutegemea hadithi inayotaja siku 120 za kupuliziwa roho, na wengine huhesabu 40. Wapo wanaoruhusu utafiti huo kwa masharti na wapo wanaousitia. Mimi si mufti. Nilimwambia tu kwamba seli za Yamanaka hazihitaji kiinitete, naye akasema, "Basi hizo ndizo ziletwe Zanzibar kwanza." Nikacheka, kwa kuwa alisema kana kwamba meli iko gatini.

Meli haiko gatini. Kinachokuja Wete leo ni chupa ya mililita 10 yenye uniti 1,000, inayotakiwa kuhifadhiwa kati ya nyuzi 2 na 8 za selsiasi kabla ya kufunguliwa, na ambayo ikishafunguliwa hudumu kama mwezi mmoja mahali pasipo joto kali. Dada hana friji. Chupa hukaa katika friji ya jirani, kati ya samaki na barafu za kuuza, na kila umeme unapokatika sote hufikiria chupa ile. Waliokuwa Unguja kati ya Desemba 2009 na Machi 2010, pale waya wa chini ya bahari ulipoharibika tukakaa miezi 3 bila umeme, watakumbuka. Bibi mmoja wa mtaani kwetu Ng'ambo aliihifadhi insulini yake ndani ya mtungi wa udongo uliozungushiwa kitambaa kibichi. Njia hiyo husaidia, ila hewa yetu ya pwani imejaa unyevu, maji hayakauki haraka, na mtungi haupoi kama unavyopoa Dodoma.

Na baridi nayo huharibu. Mwaka jana nilichukua chupa tatu za insulini ya mchanganyiko za kumpelekea dada, nikazilaza usiku mmoja katika friji yangu, nyuma kabisa, zimegusana na sehemu ya barafu. Asubuhi moja ilikuwa imeganda. Niliiacha mezani ikayeyuka, na kwa dakika kadhaa nilijidanganya kwamba haina neno, kwa kuwa ilirudi kuwa nyeupe kama maziwa mepesi. Kisha nikaiviringisha kati ya viganja, kama tunavyofundishwa kufanya kabla ya kuvuta dozi, nikaiinua kwenye mwanga wa dirisha, na nikaona chembe ndogo nyeupe zimeshika ubavuni mwa kioo, hazikubali kuchanganyika. Insulini iliyowahi kuganda haiaminiki tena. Niliitupa, na zile mbili nikazifunga kwa taulo ndani ya thamosi isiyo na barafu, nikapanda boti ya Mkoani nimeipakata kama mtoto mchanga. Mwanamke aliyekaa karibu nami aliniomba chai.

Hayo ndiyo niliyomweleza dada kwa ujumbe wa sauti, kwa ufupi kidogo kuliko hapa: kwamba kweli kuna watu walioacha sindano kwa seli zilizopikwa maabara; kwamba kwa sasa hubadilisha sindano kwa dawa za kupunguza kinga, na biashara hiyo simtakii mtoto wa miaka 11 anayecheza matopeni; kwamba mwenye kuuza seli kwa pakiti ni mwongo na asipewe hata shilingi; na kwamba kazi yetu ni kumfikisha mtoto huyu ukubwani akiwa na macho, figo na miguu mizima, ili tiba ikija imkute ana mwili wa kuipokea. Nikamwuliza pia kama unga ule alikwisha kuununua.

Jibu lake lilikuja baada ya sala ya isha. "Niliununua, pakiti moja, lakini sikumpa. Nilikungoja wewe." Kisha, baada ya muda kidogo, ujumbe mwingine: "Ukija Ijumaa niletee stripu za kupimia. Zimebaki 6."